Maoni Baada ya Habari: Mchelea Mwana Kulia



Katika taarifa tunazowasomea kila siku zimo habari ambazo husikika kana kwamba ni za mbali sana. Mojawapo ni ile isemayo kwamba kampuni fulani ya ng'ambo imewataka wateja wake waache kutumia kitu fulani cha kuchezea watoto, na wakirudishe dukani, kwa sababu kimegunduliwa kuwa ni cha hatari. Msomaji huisoma kwa sauti ile ile anayosomea bei ya kahawa, kisha hupita kwenye habari za michezo. Mimi mwenyewe nimezisoma habari za namna hiyo mara nyingi, wala sikupata kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Siku moja niliyainua. Habari ya siku hiyo ilieleza umbo la kitu chenyewe: vipande vya plastiki vya rangi mbalimbali, vyenye sumaku ndogo ndani yake, ambavyo mtoto huvishikamanisha akajenga nyumba au mnara. Ilieleza kwamba plastiki hupasuka na sumaku zikatoka. Kabla sijafika mwisho wa sentensi nilikumbuka kwamba vipande vya namna hiyo hiyo vilikuwa kwangu, hapa Nakawa, ndani ya kikapu chini ya kitanda cha binti yangu mwenye umri wa miaka minne, na kwamba aliyevinunua ni mimi.

Nataka tuzungumze juu ya jambo hilo leo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu ni wazazi. Pili, baadhi yenu mnasimama mpakani na barabarani, mahali ambapo bidhaa hizo hupita kabla hazijafika mikononi mwa watoto wetu.

Kwanza tuelewane juu ya maana ya kuita bidhaa irudi. Askari aliyepata kufanya kazi katika ghala la silaha hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba kila sanduku la risasi lina namba ya toleo lake. Ikigunduliwa kwamba toleo fulani lina kasoro, amri hutolewa kwamba toleo hilo lisitumike, na mwenye ghala hufungua leja yake akajua mara moja masanduku mangapi yako kwake, mangapi yametoka, na ni kikosi gani kiliyatilia sahihi. Amri hiyo ina nguvu kwa sababu leja ipo. Pasipo leja, amri ni sauti tu inayopita hewani.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwa vitu vya kuchezea watoto. Mfano mkubwa ni ule wa mwaka 2007. Mwezi wa Agosti mwaka huo kampuni ya Mattel ya Marekani, ambayo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani katika kazi hiyo, ilitangaza kwamba vitu vyake vipatavyo milioni moja na nusu, vilivyotengenezwa nchini China, huenda vilipakwa rangi yenye madini ya risasi kupita kiasi kinachoruhusiwa. Madini hayo ndiyo yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake, na humdhuru mtoto hata pasipo bunduki. Mtoto hutia kila kitu mdomoni. Rangi ikibanduka akaimeza, madini yale huingia katika damu na kuudhuru ubongo unaokua. Mabingwa wa afya duniani wanasema kwamba hakuna kiasi chochote cha madini hayo kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtoto.

Kabla wazazi hawajamaliza kupekua makapu ya watoto wao, tarehe 14 ya mwezi ule ule kampuni ilitoa tangazo jingine. Safari hii lilihusu vitu vipatavyo milioni 18.2 duniani kote, navyo viliitwa virudi kwa sababu ya sumaku ndogo zenye nguvu zilizoweza kubanduka.

Pengine msikilizaji atauliza: sumaku ndogo kama punje ya hindi yaweza kufanya nini? Mtoto akimeza moja tu, mara nyingi hupita ikatoka. Lakini akimeza mbili kwa nyakati tofauti, huitana ndani ya tumbo. Moja ikiwa katika utumbo huu na ya pili katika utumbo wa jirani yake, hushikana na kuubana ukuta wa utumbo katikati, mpaka ukatoboka na uchafu kumwagika tumboni. Dalili zake za awali ni tumbo kuuma, kutapika na homa, yaani dalili zile zile ambazo mzazi wa hapa kwetu atadhani ni minyoo au malaria. Nchini Marekani, mwaka 2005, mtoto ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili alifariki kwa namna hiyo, na mwaka uliofuata vipande vya kujengea vya aina aliyoichezea vikaitwa virudi kwa mamilioni.

Watu wengi mwaka ule wa 2007 waliinyoshea China kidole. Hata hivyo, mwezi wa Septemba afisa mkuu mmoja wa Mattel alikwenda Beijing akaomba radhi, akakiri kwamba sehemu kubwa ya vitu vilivyoitwa virudi ilikuwa na kasoro ya ubunifu wa kampuni yenyewe, wala si kosa la mafundi wa Kichina. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria mpya iliyopunguza kiasi cha madini ya risasi kinachoruhusiwa katika rangi, ikaagiza kwamba vitu vya watoto vipimwe na maabara zisizo za mtengenezaji peke yake, na kwamba kila kitu kiwe na alama ya kudumu ya kuonyesha kilikotengenezwa na wakati kilipotengenezwa. Na mwaka 2009 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 2.3 kwa ajili ya ile rangi.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo tunapoiona leja: alama juu ya kitu, risiti mkononi mwa mnunuzi, duka lenye anwani, na sheria inayomshika mtengenezaji. Mzazi wa kule akisikia tangazo, hugeuza kitu chini akasoma namba, akakipeleka dukani akarudishiwa fedha au akapewa kingine. Je, mzazi wa Nakawa afanye nini?

Nitawaeleza nilichofanya mimi, ingawa si jambo la kujivunia.

Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni akijenga nyumba ya vipande vile, na mdogo wake mwenye miezi kumi alikuwa akitambaa kando yake. Niliokota kipande kimoja nikakigeuza. Hakikuwa na jina, namba, wala alama yoyote. Sikuweza kujua kama ndicho kile kilichotajwa katika habari au ni kingine kilichofanana nacho tu. Ndipo nikaona kipande ambacho mwezi mmoja nyuma kilipasuka nami nikakiunga kwa gundi, nikajiona fundi hodari. Gundi ilikuwa imeachia. Mahali pa sumaku palikuwa patupu.

Nilimwita mama watoto. Alikitazama kipande kile, kisha akamtazama yule anayetambaa, asiseme neno. Halafu akaniuliza, "Baba watoto, vilikuwa vingapi?" Sikuwa na jibu. Nilivinunua kwa fungu, wala sikuvihesabu.

Tulitoa kila kitu chumbani. Tulimulika kwa tochi chini ya makabati, katika nyufa za sakafu, ndani ya viatu na kwenye mikunjo ya mkeka. Tulimuuliza mtoto kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa upole tena. Yeye alisema hajui, na nadhani hakuwa anajua. Tulikwisha kufunga kanga ili tumpeleke yule mdogo hospitali akapigwe picha ya tumbo, ndipo mama watoto alipoinama kuchukua kiatu akaiona sumaku ile, imenata kwenye mguu wa kitanda cha chuma, kimya, kama kupe.

Nilikusanya vipande vyote nikavitia katika mfuko. Hapo binti yangu akaanza kulia. Alilia kilio cha mtu aliyedhulumiwa, kwani kwake yeye nyumba yake imebomolewa na baba yake mwenyewe, tena pasipo kosa. Nakiri kwamba moyo ulinilegea. Nilijiambia: amevichezea miezi mitano na hajapata neno, labda nivikague tu, nitupe vibovu, nimwachie vizima. Ndivyo tunavyojidanganya wazazi. Wahenga walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilifunga mfuko.

Asubuhi nilikwenda nao kwa yule mama aliyeniuzia, kandokando ya Barabara ya Jinja, si mbali na soko la Nakawa. Huuza chini ya mwavuli, fungu la vitu vya kuchezea juu ya turubai: wanasesere waliokosa viatu, magari yaliyokosa gurudumu, simu za plastiki zinazoimba. Nilimweleza habari niliyoisoma na lililotokea nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakubisha, wala hakunifanyia kiburi. Kisha akaniuliza, "Ssebo, nimekusikia. Nikikurudishia fedha zako, mimi nivirudishe kwa nani?"

Alinieleza kwamba huvinunua kwa gunia mjini, kwa mtu ambaye naye huvinunua kwa marobota. Gunia halina karatasi. Anayemuuzia hajui vimetoka nchi gani. Kisha aliinama akapekua fungu lake, akatoa vipande vitatu vingine vya namna ile, akavitia katika mfuko wangu. "Vipeleke pamoja," akasema. "Na mimi nina wajukuu."

Nimelifikiri swali la mama yule siku nyingi: mimi nivirudishe kwa nani? Kitu kinachoitwa kirudi katika nchi tajiri si lazima kirudi. Baadhi ya wenye navyo hawasikii tangazo. Wengine husikia wakapuuza. Kitu hukaa ndani, mtoto hukua, kikapu hutolewa sadaka au huuzwa pamoja na mitumba. Plastiki haiozi, na sumaku haisahau kazi yake. Hakuna kinachozuia kitu kilichokatazwa mwaka 2007 kisiwe katika fungu la leo, wala hakuna kwenye fungu hilo cha kumjulisha mnunuzi. Huko kilikotoka kilikuwa na leja. Kilipovuka bahari leja ilibaki ng'ambo.

Serikali yetu haikulilalia jambo hili. Shirika la Viwango la Uganda lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1983, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa hapa hapa Nakawa, katika eneo la viwanda, kabla hayajahamia Bweyogerere. Shirika hilo lina mamlaka ya kukagua bidhaa mpakani na sokoni, na kuziondoa zile zisizofikia kiwango. Lakini wakaguzi wake hawawezi kufungua kila gunia la Kampala. Kwa hiyo wa mwisho kukikagua kitu kabla hakijaingia mdomoni mwa mtoto ni mzazi, na leja pekee iliyopo ni macho yake.

Basi yafaa tufanye nini nyumbani? Kwanza, tusinunue kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka mitatu kitu chochote kidogo, au chenye viungo vidogo vinavyochomoka. Kipimo kinachotumiwa na wakaguzi ni mwanya wa upana wa karibu sentimita tatu: kinachozama humo chaweza kumkaba mtoto mdogo. Pili, tutazame mahali pa betri. Betri zile bapa, mfano wa vifungo, ambazo zimo katika vitu vinavyoimba na kuwaka, ni za kuogopwa hata kuliko sumaku. Ikikwama kooni huzalisha umeme katika ute wa mwili na kuunguza nyama, na madhara makubwa yaweza kutokea kwa muda wa saa mbili tu. Kitu ambacho mlango wa betri yake haukufungwa kwa parafujo hakifai nyumba yenye watoto.

Ikiwa mtoto amemeza betri ya namna hiyo, asilazimishwe kutapika. Apelekwe mara moja katika hospitali yenye mashine ya kupiga picha. Kama amekwisha kutimiza mwaka mmoja, na betri imemezwa si zaidi ya saa 12 zilizopita, madaktari wanashauri apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, mara sita tu kwa jumla, wakati akiwa njiani. Lakini safari isicheleweshwe kwa kutafuta asali. Na aliyemeza sumaku, hata kama anacheka na kurukaruka, apelekwe vile vile.

Tatu, kitu kibovu kisigawiwe. Makambini tunaishi kwa kusaidiana; mtoto wa nyumba hii akikua, vitu vyake huenda nyumba ya pili. Ni desturi njema, lakini hatari nayo hurithishwa kwa njia hiyo hiyo. Tena kisitupwe kikiwa kizima, kwani cha jalalani ndicho watoto wanachokiokota kwanza. Kivunjwe, sumaku zifungwe pamoja kwa utepe, betri zizungushiwe utepe na zisitiwe motoni, maana hulipuka.

Nne, tuwaeleze watoto. Binti yangu alinisamehe siku ya tatu, nilipokaa naye sakafuni tukatengeneza mpira wa nyuzi za mgomba na gari la waya lenye magurudumu ya vizibo, nikiwa mwangalifu kuzikunja ncha za waya. Sisemi kwamba vya zamani vyote vilikuwa salama. Nasema tu kwamba kitu ulichokitengeneza mwenyewe unajua kilichomo ndani.

Sasa nageukia kazi zenu, na hapa nitasema kwa heshima lakini waziwazi. Malori yatokayo Malaba na Busia hupita hapa Nakawa yakielekea mjini. Askari anayesaidia ukaguzi mpakani huona shehena zikiwa bado pamoja, kabla hazijatawanyika katika mafungu elfu. Gunia moja likizuiliwa pale kwa haki ni nyumba nyingi zimeokolewa. Likiachiliwa kwa sababu ya noti iliyokunjwa, hakuna mkaguzi wala daktari atakayeweza kulikusanya tena.

Aidha, bidhaa zikikamatwa kwa ubovu, ziandikwe katika leja, zilindwe, na ziharibiwe kwa utaratibu wa sheria. Kuna kishawishi cha kusema: hiki kimoja ni kizuri, nitampelekea mtoto wangu. Ndugu askari, ubovu hautambui cheo. Sumaku haitauliza kama tumbo lililoimeza ni la mwana wa mchuuzi au la mwana wa inspekta. Kitu kilichokatazwa sokoni hakigeuki kuwa kizuri kwa kuingia kambini.

Na kwa upande wa wachuuzi, tusiwafanye wao kuwa mwisho wa kesi. Yule mama wa Nakawa hakukitengeneza kitu kile wala hakukileta nchini. Ukimpiga teke turubai lake utakuwa umemwadhibu mtu wa mwisho katika mstari mrefu, na wa kwanza hatasikia hata kelele. Ni afadhali aulizwe kwa adabu, "Mama, hivi umevinunua wapi?" na jibu lake lifuatwe nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwa mwenye kontena. Hiyo ndiyo kazi ya upelelezi, na hivyo ndivyo leja iliyopotea huandikwa upya.

Ndugu wasikilizaji, habari za vitu vinavyoitwa virudi zitaendelea kusomwa katika redio. Mkiisikia moja, msiseme ni ya Marekani au ya Ulaya. Inukeni, mkainame chini ya kitanda, mkatazame katika kikapu. Mtoto akilia, mwacheni alie kidogo. Kilio hicho hunyamazishwa na mpira wa nyuzi za mgomba. Kipo kilio kingine ambacho hakinyamazishwi na kitu.